Majani Niliyoyang'arisha

Kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni kabla hakujapambazuka. Nikatulia, nikisikiliza kama mjukuu wangu, aliyekuja kulala kwangu, ameamka. Hakuamka. Nikaendelea kuyafuta majani ya kikapuni, ya mti wangu mchungu, moja moja, kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia. Alikuwa anayapeleka kazini kwake maabarani, na sikutaka yafike kwa wakubwa wake na vumbi, kana kwamba hayana mwenyewe.

Alishanieleza kazi yao. Jani hugandishwa, likakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha mashine hukipiga kipande kwa mwanga, nukta kwa nukta, na kupima uzito wa vichembe vinavyoruka. Kompyuta huchora ramani: hapa pana sukari, hapa pana uchungu. Siku hiyo ndiyo zamu yake ya mashine. Akikosa ramani ya uchungu, mashine angepewa mtu mwingine.

Tulienda pamoja. Mkuu wao akanivutia kiti, akanifunika koti lake kwa sababu ya baridi ya chumba cha mashine.

Alasiri ramani ikatokea: njano tupu, ukingo hadi ukingo.

"Mafuta," mkuu akasema. "Tena ya jikoni! Jani hili mmelikaanga?"

Mafundi wakacheka.

"Nani kayashika?"

Mjukuu wangu akanitupia jicho, akainama. "Mimi, mkuu. Mikono yangu ilikuwa na mafuta."

Uso ukaniwaka. Mtoto wa watu anabeba aibu yangu, nami nimejikunyata ndani ya koti la kuazimwa!

"Usimsikilize, baba," nikasema. "Ni mimi. Niliyapaka yapendeze."

Kicheko kikakatika. Afadhali wangeendelea kucheka.

Mkuu akakuna kidevu. "Umeyapaka yote, Bibi?"

"Ya kikapuni tu. Ya mtini bado machafu."

"Basi hayo machafu ndiyo tunayoyataka." Akamgeukia mjukuu wangu. "Kachume mengine. Kesho mashine ni yako tena."

Jioni alichuma mwenyewe, amevaa glavu. Mimi nilisimama kando, mikono nimeificha nyuma kama mtoto aliyedokoa.

"Bibi, sijakasirika, jamani."

"Najua. Ndiyo maana sina pa kuuweka uso."

Akacheka, akabeba kikapu chake. Nikamsindikiza hadi langoni, macho yangu chini.

"Njoo tena, mama," nikamwambia. "Njoo unione. Mti nitauacha na vumbi lake."