Malkia wa Popo Hapigi Magoti

Waongozaji wa filamu wamekuja na wameondoka, Malkia wa Popo yuko palepale. Hilo lieleweke kwanza, kabla hatujamgusa huyu wa tatu. Vile vitabu vinavyopendwa na watoto vilipoanza kugeuzwa filamu, mama huyu ndiye aliyeitwa kuigiza malkia mwenye mabawa, na toka hapo hata wajukuu zake wamesahau jina lake. Nyumbani ni Malkia, sokoni ni Malkia. Binti yake naye akapewa kazi ya kusimama badala yake kila kamera inapomtazama kwa nyuma. Wenzake wakambandika jina la Mgongo, na jina likakolea.

Mwongozaji wa kwanza alikuwa mtu wa vichekesho. Alimtaka Malkia ajikwae kwenye joho lake, apige chafya mbele ya jeshi, awafokee popo kama mama aliyekuta vyombo havijaoshwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wa pili akaja na uso wa msiba, akazima nusu ya taa, akamnyeshea Malkia mvua ya bomba wiki nzima. Malkia akapata mafua, filamu ikapata sifa. Haya, yakaisha.

Sasa huyu wa tatu! Kijana mwenye sauti laini, kazi yake yote ni mbele ya kitambaa cha kijani. Ikulu itawekwa baadaye kwa kompyuta, popo watawekwa baadaye, mabawa nayo baadaye. Malkia alipewa mpira uliotundikwa kwenye fimbo, akaambiwa huyo ndiye joka, amtishe. Akautisha mpira. Hilo nalo akalivumilia.

Ila asubuhi moja aliletewa kurasa mpya. Kitabuni, mfalme mvamizi anaingia ikulu na kumwamuru Malkia apige magoti, naye anamjibu, "Ukitaka kunitazama kutoka juu, katafute ngazi." Hakuna mtoto aliyesoma kitabu kile asiyelijua jibu hilo. Kurasa mpya zilisema Malkia anapiga magoti, analia, anaomba msamaha.

"Sipigi," alisema.

"Mama yangu, kitabu ni kitabu, filamu ni filamu," mwongozaji alimbembeleza. "Watu wanataka kuona moyo wako ukilainika. Halafu mbona wenzangu hukuwagomea? Mmoja alikufanya kichekesho, mwingine akakulowesha kama kuku. Mimi tu ndiye mbaya?"

Swali lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Yule alinifanya kichekesho nimesimama," alisema. "Na yule mwingine akanilowesha nimesimama. Mmenibadilisha nguo, mmenibadilisha taa, mpaka kicheko changu mmekibadilisha, nami nikawaachia, maana ndiyo kazi yenu. Lakini huyu mwanamke wa kwenye karatasi zako mimi simjui. Mtafutie mtu wa kumwigiza."

Mwongozaji alitabasamu tu. "Basi tutampiga picha kwa nyuma. Uso tutauweka baadaye." Akageuka. "Mgongo, ingia. Piga magoti."

Kazi yake mwenyewe Malkia alikuwa tayari kuipoteza, ameshakula chumvi nyingi. Lakini binti yake analea watoto peke yake, na unga wake umwagike kwa ukaidi wa mama? Aliogopa, kuogopa kwenyewe kabisa. Akamsogelea na kumnong'oneza.

"Piga tu, mwanangu. Ni mgongo, nani atajua?"

"Mama, acha hizo."

"Una watoto wa kulisha!"

"Na hao watoto kila nikiwaambia wakaoge, wananijibu nikatafute ngazi. Leo nirudi nikawaambie nini?"

Mgongo akaingia katikati ya kile kitambaa cha kijani, joho likiburuta nyuma yake, akasimama wima.

"Nasubiri," alisema mwongozaji. Ile sauti laini ilikuwa imekwisha.

"Utasubiri sana, kaka yangu."

Fundi wa taa alikohoa kuficha kicheko, hakufanikiwa.

"Nje! Nyote wawili! Na mkivuka mlango huo, msirudi!"

Jamani, fahari aliyoisikia Malkia wakati ule, na uchungu aliousikia, vilimpanda kwa pamoja mpaka macho yakamwasha. Hakuvua joho. Alimwita binti yake kwa ishara ya kichwa, wakaanza kutembea kuelekea mlangoni, hatua kwa hatua, watu wakiwapisha.

"Mama, mbona unachechemea?" Mgongo alimuuliza chinichini.

"Magoti. Yananiuma toka asubuhi, sijui hata nimesimamaje."

Mgongo akanyoosha mkono amshike kiwiko.

"Usinishike," alisema Malkia bila kugeuza shingo. "Bado anatuangalia."