Kolekole wa Sidab

Machi ya mwaka 1966 dagaa wachanga walipita Sidab, kijiji cha wavuvi karibu na Maskati, kwa wingi, wakiambaa na pwani kuelekea kaskazini, na kolekole wakawa nyuma yao. Waliwabana ndani ya kijighuba chini ya majabali na kuwararua. Maji yakachemka. Dagaa waliruka mpaka juu ya mawe, wakafia huko midomo wazi.

Harub alisimama jabalini na ufito wake wa mwanzi. Uvuvi huu alijifunza Nyeri, kwenye mito ya baridi, alipokuwa karani wa Mzungu mmoja aliyependa kuvua trauti. Hautaki chambo cha nyama. Ndoana huvishwa manyoya ifanane na kidagaa, na mshipi mzito hupeperushwa nyuma na mbele hewani mpaka ufike mbali. Kwa kolekole, ambao hupenda kuuma mkia wa windo lao, Harub alifunga ndoana mbili zinazofuatana.

Siku hiyo hakutafuta kitoweo, alitafuta cha kupigana nacho. Jana yake shemeji yake, Bakhit, alimpiga mkewe Nasriya kwa mgongo wa mkono hata jino likamtoka, kisa mchuzi umeungua. Nasriya ni dada yake Harub, jamaa pekee aliyetoka naye Unguja wakati wa mapinduzi. Harub alikuwa amekaa pale pale mkekani, tonge mkononi. Lakini alikuwa akila na kulala kwa Bakhit. Tonge akalimeza.

Akarusha. Manyoya hayajatulia majini, kolekole akayapiga kwa kishindo. Mshipi ulimkata Harub vidole, ufito ukapinda, naye akavuta huku akitukana matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu.

"Mwanamme mzima wavua kwa manyoya ya kuku!" Bakhit alikuwa amefika nyuma yake, anacheka. "Utampoteza huyo. Niache nimtoe."

"Usimguse, shemeji. Ana ndoana mbili."

Bakhit alikwisha kuteremka. Akainama, akamkamata samaki kichwani. Kolekole akajipiga mara moja tu, na ile ndoana ya pili ikazama kiganjani mwa Bakhit hadi mfupani. Akapiga ukelele, akateleza, akaanguka baharini, mkono wake umeshikana na samaki mzito aliyejaa hasira.

Wimbi likambamiza jabalini. Magamba ya chaza yakamchana uso. Dagaa walimpita shingoni na kolekole wengine wakawafuata, wakimgonga kifuani na mbavuni kama mawe.

"Harub! Nishike! Yallah, nishike!"

Harub alikuwa na kisu kiunoni. Alimtazama. Wimbi la pili likaja, Bakhit akazama, akaibuka anatapika maji na damu. Harub hakusogea. Alihisi utamu kooni, utamu wa kweli, na ndio uliomtisha. Wimbi la tatu lilipomfunika Bakhit, akatupa ufito, akashuka, akamdaka kwenye ukosi wa kanzu, akamvuta mpaka jabalini. Akachomoa kisu, akamchoma samaki kichwani, tena na tena, hata alipokwisha kufa.

Mkono wa Bakhit ulipasuka kuanzia kiganja mpaka kifundo. Majirani walimchukua Bakhit hospitali ya Matrah kwa mashua. Akarudi siku ya tatu na vidole visivyokunjika.

Usiku ule aliporudi alimwita mkewe. "Nasriya, kaka yako alinitazama nikifa."

Nasriya alikuwa akikunja nguo. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. "Jana yake alinitazama mimi," akasema. "Wewe angalau alikutoa."

Harub aliyasikia mlangoni.

Asubuhi Nasriya alifunga furushi lake la nguo. Bakhit alimwamuru akae, hakukaa. Bakhit aliinua mkono wake mzima ampige, na Harub akaudaka hewani, akauminya hata Bakhit akapiga magoti.

"Mwache," Nasriya akasema. "Nnaondoka. Sitaki kuona tena mtu anapigwa."

Akashika njia ya mlimani kwenda Maskati, kwa Masouda, binamu wa mama yao. Harub alimfuata, akaomba ampokee mzigo. Alikataa. Aliomba tena walipoanza kupanda, akakataa. Juu kabisa, pumzi zimemwishia, Nasriya aliuweka mzigo chini na kukaa juu ya jiwe.

"Haya, beba," akasema, bila ya kumtazama. "Lakini kaa nyuma."