Bendera ya Jumamosi

Kile kijiji ukiona nyumba kumi na tisa usikidharau, kiliwahi kuwa na mambo yake. Zamani watu walivuka ziwa kwa mitumbwi, na aliyezama alizama. Kisha meli ikaja kufuata pamba, likajengwa gati, na ofisi yenye dirisha dogo la tiketi na vyumba viwili vya karani nyuma yake. Wapimaji wa reli nao walikuja, wakapigilia vigingi, reli yenyewe wakaipeleka kwingine. Vigingi vilibaki vya kufungia mbuzi. Juzijuzi lami ikapita nyuma ya kilima, basi likaanza kuja kila siku, na watu wakaisahau meli kana kwamba hawajawahi kuipanda.

Tuwalaumu? Basi lilifika mjini kwa saa moja na nusu, meli kwa saa sita. Ila aliyeandikiwa barua ni karani: miezi mitatu ikipita bila hata abiria mmoja kupanda hapo, kituo kitafutwa, naye arudishe funguo za ofisi na za vyumba. Barua ilimkuta wiki aliyomzika mkewe. Akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya muhuri. Watu walisubiri alie, kwa hili au kwa lile, wakachoka kusubiri. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi. Alikula alichopewa, akalala upande wake uleule wa kitanda, na kila Jumamosi alifungua dirisha la tiketi. Saa nne meli ikapita, akafunga.

Meli yenyewe haikusimama ovyo. Mbele ya gati pana miamba, kwa hiyo nahodha alitaka aone bendera nyekundu kwenye mlingoti wa kituo mara tu anapotokeza rasini. Asipoiona anapita, na akishapita hata umpigie magoti hageuki.

Ijumaa ya mwisho ya ile miezi mitatu, binti wa karani alishuka kwenye basi na begi moja.

"Baba, nimekuja kukuchukua. Chumba kipo."

"Hata hapa ninacho."

"Mpaka kesho tu."

Karani akasema, "Kesho rudi kwa meli. Wanataka abiria mmoja tu."

"Meli inanitapisha, unajua."

"Najua."

"Na wewe mwenyewe unataka kubaki?"

Alijipekua, asikute kitu. "Sijui, mwanangu. Kile kitanda hakipiti mlangoni. Fundi alikiundia humohumo, mama yako kamsimamia."

Binti alikitazama kitanda, akautazama mlango. "Haya," akasema, "nitatapika."

Asubuhi alikwenda kukaa mwisho wa gati, juu ya begi lake, akiyatazama maji. Karani alibaki ndani. Kazi yake miaka thelathini na mmoja ilikuwa ya ndani: daftari, kalamu, muhuri. Akaandika tiketi kwa mwandiko wake wa kulala, akaigonga muhuri, akampelekea binti mkononi. Akarudi kitini na kuita kupitia mlango wa nyuma, kama alivyoita siku zote:

"Abiria mmoja!"

Akafunika kalamu. Saa nne kasoro dakika tano meli ikatokeza rasini. Akaisikia ikinguruma, ikisogea, kisha ngurumo ikaanza kufifia. Binti alisimama akapunga kitenge mpaka mkono ukamchoka. Halafu akaja mbio.

"Baba, mbona hukupandisha bendera?"

"Bendera huipandisha mama yako."

Lilimtoka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akalisikia. Akainuka, akazunguka nyuma ya ofisi hadi kwenye mlingoti. Bendera ilikuwa chini pale, imekunjwa vizuri, na kamba imefungwa kwa fundo la mkewe, dogo, limekazwa. Akajaribu kulifungua. Vidole havikujua pa kuanzia, maana havikuwahi kulishika. Akakaa chini na kulia, kilio cha miezi mitatu kikamtoka mara moja, naye binti akakaa kando yake, tiketi bado mkononi.

Mchana basi lilipokaribia kufika, karani aliomba kisu. Akaikata kamba juu na chini ya fundo, akalitia fundo mfukoni. Funguo aliziacha dirishani.