Alhamisi ya Kuhesabiwa

Mtaa mpya wa ziwani, nje kidogo ya Campbelltown, ulikuwa unajengwa kwa pupa. Ulilala ukiwa na nyumba kumi, ukaamka na kumi na mbili. Bata walishatengenezewa njia ya lami kuzunguka ziwa lote, lakini binadamu wa kwenda stesheni walikuwa na basi moja tu la alfajiri, nalo la majaribio. Tangazo lilibandikwa kituoni: Alhamisi abiria watahesabiwa, wasipofika thelathini, basi linaondolewa.

Siku zote walikuwa tisa. Mmoja wao ni Kasoki, mhudumu katika makao ya wazee. Hakuwa na gari wala leseni, na bila basi lile kazi ingemponyoka. Aliposoma tangazo moyo ulimpasuka, kisha akapandwa na hasira.

Jumatano jioni alimwendea Kalume, kiongozi wa kwaya, ambaye kila Alhamisi alfajiri aliongoza sala gerejini kwake.

"Kesho tunasali ndani ya bisi," Kasoki alisema kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama Kasoki, miye niko na gari. Bisi itanipeleka wapi?"

"Mpaka stesheni. Kisha utarudi."

"Kufanya nini sasa?"

"Kuhesabiwa! Ao Mungu anajua gereji yako tu?"

Kalume akakubali kuileta kwaya. Kasoki hakuishia hapo. Aligonga kila mlango wenye taa, hata kwa Wazungu ambao hawajawahi kumsalimia, akawaeleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga mpaka wakaelewa.

Alfajiri alikuwa bado anawaamsha wavivu wa nyumba za mwisho. Alipofika kituoni akihema, basi lilikuwa limesheheni watu hadi mlangoni. Karani wa kuhesabu alikuwa amekwishapita thelathini zamani. Dereva akainua mkono kumzuia: "Sorry, love. Full."

"Mama Kasoki, ingia, miye nashuka!" Kalume aliita kutoka ndani.

"Shuka uone! Umekwisha kuhesabiwa!" Kasoki alimfokea.

Mlango ukafungwa. Kwaya ikaondoka ikiimba, naye akabaki peke yake kituoni, machozi ya furaha yakimtoka bila aibu. Akampigia msimamizi wake.

"Leo nitachelewa," alisema. "Basi limejaa."

Akakaza kamba za viatu, akaanza kutembea.