Mtani wa Mama Veneranda

Binti Pazi alifukuzwa wodini asubuhi, na ilipofika saa ya chakula cha mchana Mama Veneranda alikuwa amefunga mdomo.

Sista Mkuu hakumfukuza kwa chuki. Alikuwa Mzungu, bado mgeni Tabora, lakini Kiswahili alikijua vizuri. Alijifunza kwao kwanza, kisha akakizoea kwa miaka kadhaa katika hospitali moja ya kaskazini. Hakuna neno lililompita. Asubuhi ile alikuwa anapita kati ya vitanda, akasikia mwenyewe.

"Utakufa lini, we Mnyamwezi?" Binti Pazi alikuwa akisema, kijiko cha uji kikiwa hewani. "Kuku wa matanga nimeshamchagua, jogoo mwekundu, na wewe bado unanichelewesha. Fungua huo mdomo, au ninywe mwenyewe."

Mama Veneranda akafungua mdomo. Ila Sista Mkuu hakuutazama mdomo wa Mama Veneranda. Alimtazama Binti Pazi.

"Mama, toka nje," alisema. "Katika wodi yangu mgonjwa hatukanwi."

Binti Pazi alicheka kwanza, akidhani naye ameingia katika mchezo. Alipouona uso wa Sista akaweka bakuli chini, akajifunga kanga yake vizuri na kuondoka. Mlangoni akageuka. "Mpagazi wangu, usife kabla sijarudi. Utanitia hasara."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Mama Veneranda alikuwa mjane wa Bukene. Kiharusi kilimpata akiwa shambani. Upande wake wote wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, na maneno yakamwisha. Mwanawe wa pekee, Limbu, alimleta kwa treni, akakaa naye mpaka bwana wake wa kazi alipomwita arudi kwenye mashamba ya tumbaku Urambo. Siku hizo, mwaka 1954, hospitali yetu ndogo ilimpa mgonjwa kitanda na dawa. Kumlisha, kumwosha na kumgeuza ilikuwa kazi ya ndugu, na sisi wauguzi tulisaidia pale mikono yetu ilipofika. Mama Veneranda hakuwa na ndugu pale.

Binti Pazi alikuwa Mzaramo, mke wa fundi wa reli, na alikuja siku moja kumtazama jirani yake. Akasikia kwamba kwenye kitanda cha dirishani kuna Mnyamwezi asiye na mtu.

"Hana mtu, na mimi mtani wake nipo?" aliuliza, kana kwamba tumemvunjia heshima. Toka siku ile akawa anakuja kila siku na uji wake.

Kwetu hilo halikumshangaza yeyote. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulianza njiani, enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo pamoja kutoka pwani hadi huku, wakauguzana na kuzikana walikofia. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kitu chako mbele za watu, na siku ukiugua haulizi kama anahusika.

Mchana ule nililichukua bakuli mimi. Nikaketi kitandani, nikasema kwa upole wote nilionao, "Pole, mama. Kunywa kidogo, mama yangu."

Chozi likamtoka, akageukia ukutani.

Jioni ikawa vivyo hivyo, na kesho yake pia. Kila aliyefika pale alisema pole: mchungaji alisema pole, wageni wa vitanda vingine walisema pole. Nilianza kulisikia neno lile kama anavyolisikia yeye. Tulikuwa tumeshaanza kumlilia.

"Basi mtukane," alisema Josepha, muuguzi mwenzangu, tukikunja mashuka.

"Mimi? Baba yangu ni Mnyamwezi wa Usinge. Nikimtukana, ni mtoto asiye na adabu tu. Mtukane wewe."

"Mimi Mha, dada. Atanizaba kofi kwa huo mkono mzima."

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu Sista Mkuu alikuwa ametuita.

"Alhamisi daktari akija, Veneranda ataruhusiwa kwenda kwao," alisema. "Hali chakula. Mkono wa kulia haujaonyesha dalili yoyote, na kitanda kinahitajika. Tekla, mtayarishie vitu vyake."

Nikaitikia, "Ndiyo, Sista," kama nilivyoitikia kila jambo tangu nilipotoka chuoni. Halafu nikaiwaza nyumba ya Bukene iliyofungwa, na Mama Veneranda akilala ndani bila mtu wa kumgeuza. Asingemaliza mwezi. Nilifika nusu ya ukumbi, nikarudi, nikabisha mlango wa ofisi.

"Sista, ule ulikuwa utani."

"Nalijua neno hilo," alijibu. "Ni mzaha. Kumfanyia mzaha wa kifo mgonjwa asiyeweza kujibu ni ukatili."

"Anajibu."

"Anajibu vipi?"

"Anakula, Sista."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Sista Mkuu alivua miwani yake, na macho yake bila miwani yalionekana yamechoka.

"Huko kaskazini nilikotoka," alisema taratibu, "mgonjwa alipaliwa na uji mkononi mwa dada yake. Alilishwa amelala chali. Nilikuwa chumba cha pili. Nilipofika nilikuwa nimechelewa. Kwa hiyo sipendi mtu nisiyemjua ashike kijiko katika wodi yangu, akitukana au akiomba Mungu."

Hilo sikulijua. Nilisimama pale nikimwonea huruma, nikakaribia kuomba radhi na kutoka. Lakini Alhamisi ilikuwa kesho.

"Basi mwone, Sista," nikasema. "Kesho, daktari akiwapo. Nitamketisha mimi mwenyewe, kidevu kikiwa chini kidogo, kijiko kidogo, upande mzima wa mdomo, na tutangoja ameze kwanza. Tulifundishwa hivyo chuoni. Lakini mlishaji awe Binti Pazi. Akipaliwa, niulizwe mimi."

Alivaa tena miwani yake. "Mlo mmoja," akasema.

Binti Pazi nilimkuta nje ya lango, kwenye mafiga ya wanaowauguza ndugu zao, sufuria yake ya uji ikichemka. Alikuwa akija na kupika kila siku, akiwagawia wengine, akingoja.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba."

"Kijitoto cha Kinyamwezi kinaniomba mimi! Haya, piga magoti."

Nikapiga magoti mavumbini palepale. Wanawake wote wa mafigani wakaangua kicheko, naye akanivuta mkono upesi. "Inuka, mwanangu, utachafua gauni jeupe, nami nitaambiwa nimekutukana na wewe."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye namna ya kumketisha, mzaha ulimwisha. Aliuliza kijiko kiingie upande upi, na atajuaje kwamba amemeza. Nikamshikisha vidole kooni mwangu, nikameza, akahisi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe akasogea, akaomba kuonyeshwa na yeye. Kisha mwingine.

"Na kesho," Binti Pazi akauliza, "nimtukane kwa adabu?"

"Mtukane kama siku zote."

Alhamisi daktari alikuja, mzee wa Kizungu mwenye haraka, karatasi zake kwapani. Sista Mkuu alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Nilimketisha Mama Veneranda, nikamwegemeza kwa mito, nikaiweka mikono yake yote miwili juu ya kanga aliyojifunika. Binti Pazi akaingia na bakuli.

Akaiona miwani ya Sista. Akamwona daktari. Mtu yule ambaye sijapata kumwona akikosa neno alipiga goti kidogo na kusema kwa sauti ndogo kabisa, "Pole, bibi. Kunywa uji, bibi yangu."

Mama Veneranda akageukia ukutani.

Daktari akatazama saa yake. Nikajua hakuna mwingine wa kuliokoa jambo lile.

"Binti Pazi," nikasema, wodi nzima ikisikia, "huyu Mnyamwezi anadai Wazaramo hawajui kupika uji. Anasema wa kwako unafaa kusiribia ukuta."

Binti Pazi akainua kichwa polepole.

"Nani? Huyu? Huyu mpagazi aliyeshindwa safari, anayelala mchana kama chatu?" Akaweka bakuli chini. "Ndiyo maana umenisusia? Basi na kanga naichukua. Maiti haivai kanga mpya. Lete!"

Akashika pindo, akavuta.

Mama Veneranda akageuka. Mkono wake wa kushoto ukaidaka kanga, macho yakamwaka. Binti Pazi akavuta tena, sasa kwa upande wa kulia, na mimi niliyekuwa karibu nikaona vidole vya mkono ule uliolegea vikijikunja, kimoja baada ya kingine, juu ya kitambaa. Havikuwa na nguvu nyingi. Lakini kanga haikwenda.

"Ngoja," daktari akasema. Akainama. "Vuta tena."

Binti Pazi akavuta. Vidole vikashika.

"Mmm… wi," Mama Veneranda akasema.

"Mmesikia?" Binti Pazi akapiga kelele. "Ameniita mwizi! Mbele ya daktari! Fungua huo mdomo, nitakuonyesha mwizi."

Mimi sijui kama lilikuwa neno. Lakini mdomo ulifunguka. Binti Pazi akamlisha kama tulivyokubaliana, kijiko kidogo, upande mzima, macho yake yakiwa kooni pa mgonjwa na ulimi ukiendelea na jogoo mwekundu. Hakupaliwa hata mara moja. Bakuli liliisha.

Daktari akaushika ule mkono wa kulia, akikunja na kukunjua vidole. "Huyu haendi popote," akamwambia Sista Mkuu. "Mkono huu utafanya mazoezi. Na huyu mama aje kila siku."

Sista Mkuu alikuwa akimtazama Mama Veneranda, ambaye sasa alikuwa ameikunja kanga yake na kuikalia ili isiibwe.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimepata nilichokuja kuomba. Lakini dirishani niliwaona wale wanawake wa mafigani wamejipanga langoni, kila mmoja na bakuli lake.

"Na wengine, Sista," nikasema. "Kila mgonjwa hapa ana mtu nje anayejua namna yake ya kula. Waingie saa za chakula. Kuwaketisha wagonjwa wanaweza kujifunza. Wawili wameshajua."

"Nani atawafundisha?"

"Mimi."

"Utaanza kesho," alisema. Halafu akamgeukia Binti Pazi, na kwa mara ya kwanza nikamwona Sista Mkuu akisita. "Nilisikia maneno yako yote siku ile, na sikukuelewa. Niwie radhi. Na mimi, mtani wangu ni nani?"

Binti Pazi akampima kwa macho toka kofia hadi viatu. Josepha akageukia dirishani, mabega yakimcheza.

"Utani hauombwi, Sista," Binti Pazi akasema. "Waliotuachia waliupata kwa kubeba mzigo pamoja. Njoo, shika huko miguuni. Huyu ameketi vya kutosha, tumlaze ubavu."

Sista Mkuu akakunja mikono ya gauni lake, akainama, akashika.

"Taratibu basi, mpagazi," akasema Binti Pazi. "Huu si mzigo wa kutupa."