Moyo Kama wa Sili

Kwa miaka miwili Shemsa alikuwa akiusoma moyo wa mnyama ambaye hajawahi kumgusa. Wenzake wa Scotland walikuwa wakimnasa sili, yule mnyama wa bahari za baridi mwenye masharubu na mwili mnene kama gunia, wakambandika kifaa kwenye manyoya ya mgongoni na kumwachia aende zake. Kifaa kikipatikana, rekodi zake humfikia Shemsa ofisini kwake chuo kikuu, mtaa wa Edgbaston. Juu ya maji moyo wa sili hupiga zaidi ya mara mia kwa dakika. Akizama tu, hushuka ghafla hadi arobaini, ishirini, mara nyingine chini ya kumi, na damu huziacha ngozi na misuli ikabaki kuuhudumia ubongo. Kilichomshangaza Shemsa zaidi ni kwamba sili hutoa pumzi kabla ya kuzama. Akiba yake ya oksijeni haimo mapafuni, imo katika damu yake nzito na katika nyama yake nyekundu inayokaribia weusi.

Binadamu naye anayo chembe ya jambo hilo. Atie uso kwenye maji baridi, azuie pumzi, moyo wake utapunguza mwendo. Sehemu ya pili ya utafiti wa Shemsa ilikuwa kuipima chembe hiyo, na ndiyo iliyomkutanisha na Valère.

Valère alikuwa mtu wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, miaka thelathini hivi, akipakia mizigo kwenye ghala moja huko Aston. Aliliona tangazo la kutafuta watu wanaojua kuogelea akapiga simu siku hiyo hiyo. Jaribio la kwanza moyo wake ulishuka hadi hamsini, la pili hadi arobaini na mbili. Dakta Rehana, msimamizi wa Shemsa, aliutazama mstari kwenye kompyuta akasema hajapata kuuona wa namna ile kwa binadamu. Siku hiyo Shemsa alirudi kwake Ladywood kwa miguu, hakukumbuka hata kupanda basi.

Jaribio la tatu lilikuwa Alhamisi asubuhi, kwenye bwawa la chuo. Masharti yalikuwa yale yale. La kwanza, mtu asiheme kwa kasi kabla ya kuanza. Kuhema hivyo hufukuza hewa chafu mwilini, na hewa chafu ndiyo inayompigia mtu kengele ya kutaka pumzi. Kengele ikizimwa, mtu huweza kuzimia bila onyo. La pili, kila baada ya sekunde ishirini Shemsa aseme "gusa," Dagane, mlinzi wa bwawa aliyesimama majini, amguse Valère bega, na Valère ainue kidole. La tatu, moyo ukishuka chini ya arobaini, atolewe papo hapo.

Valère alichelewa kutoka chumba cha kubadilishia nguo. Alipotoka macho yalikuwa yakimng'aa. Shemsa akamuuliza kama yuko sawa, akajibu kwamba yuko fiti kabisa. Akalala kifudifudi juu ya maji, kifaa cha kupima mapigo kifuani, mkono wa Dagane ukiwa mgongoni mwake.

Dakika moja ilipita, kidole kikainuka. Dakika mbili, kikainuka. Mapigo yalikuwa arobaini na nne. Dakika mbili na nusu mstari ulianza kuteremka tena, taratibu, kama anavyoteremka sili anayejua aendako. Arobaini na moja. Thelathini na tisa.

Dagane akamtazama Shemsa. Shemsa akainua kiganja, kumwambia asubiri.

Thelathini na saba. Thelathini na nne. Sharti alilijua, maana alilitunga mwenyewe. Lakini jicho lake lilikuwa limenaswa na ule mstari, na moyoni alikuwa akisema kidogo tu, kidogo tu. Ndipo mkono wa kulia wa Valère ulipolegea ukazama, na mapovu makubwa yakamtoka kinywani.

"Mtoe!"

Dagane alikuwa ameshamgeuza. Midomo ya Valère ilikuwa ya zambarau, macho wazi yasiyotazama kitu. Shemsa alijitupa majini na nguo zake, akamshika kichwa kisizame huku Dagane akimpuliza mashavuni na kumpigapiga.

"Valère, pumua. Pumua, kaka, pumua."

Kifua hakikusogea. Dagane akambana pua, akampulizia pumzi moja mdomoni, ya pili. Shemsa alihisi uzito wa kile kichwa viganjani mwake, akajaribu kukumbuka dua yoyote, asiipate hata moja. Kisha Valère akashtuka mwili mzima, akakohoa, akavuta hewa kwa mlio uliojaa ukumbi wote.

Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali. Kufikia mchana alikuwa ameketi kitandani, hana dosari, anasubiri kuruhusiwa. Mkewe, Francine, alikuwa njiani kutoka kazini. Shemsa alikaa kando ya kitanda akiwa na nywele bado mbichi chini ya mtandio, akamuuliza alifanya nini kule chumbani.

Valère hakuficha. Alikuwa amehema kwa kasi dakika tano nzima, akiijua fika sababu ya kukatazwa. Kisha akamsimulia habari za mdogo wake, Gisèle, aliyekuwa na miaka kumi na minne boti ilipopinduka ziwani. Walimpata siku ya tatu.

"Kwenye matanga watu bote banasema hakuteseka," alisema. "Mimi sikuamini. Miaka kumi na moja najiuliza. Leo nimejua, dada. Kwanza baridi, kisha kama usingizi. Ni hivyo tu. Hakuumia."

Alikuwa akitabasamu. Shemsa aliitazama ile furaha. Alijua kwamba Gisèle hakuhema kwa kasi kabla ya kuanguka majini. Hakuna aliyemzimia kengele. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na pengine kulikuwa huruma. Lakini mtu huyu nusura afe mikononi mwake kwa sababu alinyamaza pale alipopaswa kusema.

Akaanza na lake mwenyewe. Alimweleza kwamba mapigo yaliposhuka chini ya arobaini alipaswa kumtoa, hakumtoa. Kompyuta ilikuwa imehesabu sekunde kumi na moja.

"Kwa nini?" Valère aliuliza.

"Nilikuwa nautazama mstari wako. Nilikusahau wewe."

Valère aliivuta shuka hadi kifuani. Kisha, kana kwamba alishaanza kuhisi, akauliza, "Na Gisèle?"

"Ulichosikia wewe si lazima ndicho alichosikia yeye, kaka. Wewe uliizima kengele. Yeye sijui. Siwezi kukudanganya."

Valère akageukia ukutani. Francine alipoingia aliwakuta hivyo, na Shemsa akatoka bila kuaga vizuri.

Jioni aliandika ripoti. Dakta Rehana aliisoma, akamuuliza kwa upole kama haingetosha kuandika "kwa kuchelewa kidogo." Shemsa akasema zilikuwa kumi na moja. Wiki mbili baadaye kamati ilisimamisha majaribio yote ya binadamu, ikamwondoa Shemsa kwenye sehemu hiyo ya utafiti. Nusu ya kazi yake ilikwenda hivyo. Wakamwachia sili.

Mwishoni mwa Juni Valère alifika ofisini bila kupiga simu. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema wiki za kwanza alimchukia, halafu akaanza kumlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza, na bado anamlilia. Akaomba kuonyeshwa huyo mnyama anayetoa pumzi kabla ya kuzama.

Shemsa akafungua rekodi ya sili jike, mzamo wa dakika kumi na tisa. Waliufuata mstari pamoja ukishuka hadi mapigo sita, ukakaa huko chini muda mrefu, kisha ukaanza kupanda.

"Ameshafika juu?" Valère aliuliza.

"Bado. Bado yuko ndani sana. Moyo wake huanza kupanda kabla hajafika juu."

Valère akavuta kiti karibu, akamwomba aurudishe mwanzo.