Inchi Kumi za Mlango

Binti wa Khaemba alirudi kuwa wa miaka mitatu siku baba yake alipodanganya kuhusu umri wake, na akabaki hapo.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, Immaculate alipotimiza miaka mitatu, nesi wa kliniki alimwita jina mara nne na mtoto hakugeuka. Nesi akaandika barua ya kumpeleka ofisi ya tathmini ya watoto mjini. Khaemba aliikunja barua akaitia kwenye boksi la misumari katika karakana yake pale mtaani Rhonda, mbele ya nyumba, anakotengenezea vitanda. Alitaka mtoto aongee kwanza. Kwao Bungoma, kaka yake ambaye hakuongea alipewa chakula nyuma ya jiko mpaka akazikwa, na wageni wengi walijua mama yao ana watoto watano, si sita.

Mteja ndiye aliyeuliza. Alikuja kuchukua kitanda Desemba, akamkuta Immaculate amepanga misumari sakafuni, vichwa vyote upande mmoja.

"Boss, huyu wako haongei?"

"Ni wa miaka mitatu tu," Khaemba akasema. "Hata mimi nilichelewa."

Mtoto alikuwa ametimiza minne wiki hiyo. Jioni viatu vyake vilimpwaya.

Kila Krismasi Khaemba husimamisha kila mtoto kwenye upande wake wa fremu ya mlango na kuchora mstari juu ya kichwa kwa penseli ya kazi. Mwaka huo penseli iliangukia mstari wa mwaka uliopita. Akachora juu yake.

"Umesema mitatu, amekubali mitatu," mkewe Nabalayo alisema. Alikuwa akipika chapati na hakuacha kupika.

Khaemba angeweza kurekebisha siku hiyohiyo. Hakurekebisha. Waliouliza walikuwa wengi, na jibu lilikuwa fupi. Watu wa kanisa aliwaambia mitatu. Ndugu zake waliokuja kutoka Bungoma aliwaambia mitatu. Kila alipolisema, mtoto alibaki vilevile, na Krismasi iliyofuata mstari ukawa mnene zaidi.

Jirani yao, Mama Jerry, aliona faida tu. "Wewe una bahati, boss. Wangu wanakula viatu kama mkate. Huyu wako amevaa hivyo hivyo miaka mitatu, na bado vinang'aa!"

Khaemba alicheka naye. Baadaye aliingia karakana akapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshapigwa.

Shantel, mdogo wake Immaculate, alimfikia kimo, kisha akampita. Watu wakaanza kumwita Khaemba Baba Shantel. Hakuwasahihisha.

Halafu Desemba moja akamkuta Shantel uani, amembeba dada yake mkubwa mgongoni kwa leso, anaongea na mwanamke aliyetaka bei ya stuli.

"Huyu haongei juu ni wa miaka mitatu tu," Shantel alikuwa akisema. "Hata baba alichelewa."

Alilisema kwa sauti ya baba yake kabisa, hadi kule kukohoa kidogo mwishoni. Khaemba aliuza stuli. Kisha akamwaga boksi la misumari mezani, akatoa barua. Ilikuwa imeshika kutu kwenye mikunjo.

Ofisi ya tathmini ilikuwa na benchi moja na watu wa mabenchi matatu. Wakaitwa saa saba. Aliyewapokea alikuwa mwanamke aitwaye Chepkirui, mwenye miwani na fomu ndefu.

"Akitaka kitu, anakionyesha kwa kidole?"

"Hapana. Anashika mkono wangu, anaupeleka pale kiko."

"Ukimwita?"

"Hageuki. Lakini maji ya mfereji akiyasikia anageuka."

"Kelele?"

"Nikiwasha msumeno wa umeme anaziba masikio, anapiga kichwa ukutani. Siku hizi nakata kwa mkono."

Aliyajibu yote bila kufikiri. Nabalayo alimtazama. Hakuwa amejua kwamba mumewe alikuwa ameyaona yote haya.

"Ana miaka mingapi?"

"Mita..." Khaemba akaishia hapo. Nabalayo akaangalia ukuta.

"Saba," Khaemba akasema. "Alimaliza saba juzi."

Immaculate akakua. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Mikono ya sweta ilipanda hadi viwiko, gauni likaishia juu ya magoti, ukanda wa kiatu cha kulia ukakatika. Meno mawili ya mbele yalianguka mapajani. Akayaokota, akayapanga ukingoni mwa meza, yote upande mmoja. Chepkirui alingoja amalize, akamletea kiti kikubwa, akafuta kimo kwenye fomu akaandika kingine.

"Hutokea," akasema. "Wiki jana mmoja alivunja dirisha. Tuendelee."

Walipomaliza aliwaambia ni usonji. Aliwaeleza polepole, mara mbili. Kisha akasoma tarehe ya ile barua.

"Kuna darasa la kuwafundisha wadogo kuwasiliana. Linachukua watoto wa mpaka miaka mitano. Wa saba naandika kwa orodha ingine, na hiyo orodha ni ndefu, Baba Immaculate."

Khaemba alichelewa kujua kwamba ndiye anayeitwa.

"Si atajifunza, madam?"

"Atajifunza. Lakini saa hii angekuwa ameshaanza kitambo."

Immaculate alitembea peku kurudi nyumbani, ameshika meno yake. Khaemba alimsimamisha kwenye fremu ya mlango, akachora, akavuta futi ya kupimia. Kutoka mstari mnene hadi mstari mpya ni inchi kumi za mbao tupu. Mstari wa minne haupo. Wa mitano haupo. Wa sita haupo. Kutoka tarehe ya barua hadi siku aliyoitoa ni siku elfu moja mia nne na sabini. Kutoka mlangoni hadi boksi la misumari ni hatua kumi na moja.